Maji Kwenye Shuka Jeupe

Maji ya mtungini kwa Kibwana yaligeuka chumvi siku ya Jumanne, na mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa mkewe.

"Furaha, umetia chumvi kwenye maji ya kunywa?"

"Chumvi ipi? Ile iliyobaki si umeimaliza jana kwenye mihogo, ukalamba na vidole."

Kibwana akaonja tena, akatema mlangoni. Maji yale yalitoka Mto Morogoro, yameshuka asubuhi ileile kutoka milima ya Uluguru, maji baridi mpaka samaki wake wanatoka nje kuota jua juu ya mawe. Bahari ilikuwa mwendo wa siku sita kwa miguu. Furaha akainamisha pua mtungini, akaiondoa haraka.

"Yananuka tope," akasema. "Na siyo tope la kwetu."

Sasa huyu Kibwana inafaa umjue kabla mambo hayajamharibikia. Alikuwa mtu wa Kinole, huko juu kwenye migomba na midalasini, na alikuwa na mdomo ambao ungepewa mizigo ya wapagazi kumi ungeibeba mpaka Tabora bila kupumzika. Vita vya Majimaji vilipopita, yeye alidai alidaka risasi ya Wadachi kwa meno, akaitafuna, akawatemea. Aliwahi kumbeba Mzungu mmoja kuvuka mlima, Mzungu na kitanda chake, na juu ya kitanda mbwa, na mbwa mwenyewe mjamzito, kufika ng'ambo wakawa mbwa saba. Watu walikuwa wanakuja kumsikiliza huku wameleta na vigoda.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike Morogoro. Kibwana alikuwa anafanya kazi kwa Mdachi mmoja ambaye watu walimwita Bwana Jicho, maana jicho moja alilifumba miaka yote akichungulia kwenye sanduku lake. Sanduku hilo lilikuwa linakamata watu wakiwa wanatembea, halafu linawaachia kwenye shuka, nao wanaendelea kutembea. Wadachi wenzake walimwona Bwana Jicho nusu kichaa, na katika hilo Waluguru walikubaliana na serikali kwa mara ya kwanza.

Kila siku saa tisa alasiri watu walijazana kwenye ghala la pamba karibu na stesheni. Milango inafungwa, madirisha yanazibwa kwa magunia, kunakuwa giza unaweza kulikata ukalipika. Taa ya karabai inawashwa ndani ya mashine, Kibwana anashika mpini, anazungusha, trrrk trrrk trrrk, na kwenye shuka jeupe wanatokea askari wanaopiga gwaride, kisha gari la moshi, kisha picha ya mwisho, fupi, haizidi muda wa kumenya chungwa. Ni pwani. Hakuna nyumba wala mnazi. Tope jeusi mpaka mwisho wa dunia, mikoko imesimama kwa vidole vyake, na msichana mmoja amefunga kaniki, anaokota chaza, anakwenda mbali, mbali, mgongo kwetu. Halafu maji yanakuja. Halafu shuka linakuwa jeupe.

"Yule ni mpwa wangu," Kibwana alikuwa anawaambia watu kila siku. "Mtoto wa dada yangu Pili. Mwaisha. Sasa kaolewa Bagamoyo na tajiri, wanakaa ghorofani, hata mbuzi wao wanapanda ngazi."

"Mbuzi?"

"Na wakifika juu wanabisha hodi."

Watu walicheka. Na Kinole kule mlimani, Pili alipokea kila baada ya miezi michache vipande viwili vya kanga vilivyokunjwa vizuri, salamu za bintiye, vilivyonunuliwa na Kibwana dukani kwa Mhindi hatua mia kutoka stesheni. Maana Mwaisha hakuwa ghorofani. Mwaisha alikuwa amekufa mwaka mmoja na miezi minne nyuma, na mtu pekee wa ukoo aliyejua ni yule aliyekuwa anamwonesha kwa watu kila alasiri.

Jumanne hiyo ya chumvi, Kibwana alizungusha kama kawaida. Askari wakapita. Gari la moshi likapita. Ikaja pwani, akaja msichana, akainama, akaokota, akainuka. Kibwana alikuwa ameiona picha ile mara nyingi kuliko alivyouona uso wake mwenyewe, alijua msichana anainama mara tisa, anainuka mara tisa, hageuki. Alipoinuka mara ya tisa, akageuka. Kidogo tu, kama mtu aliyesikia ameitwa. Akatazama nyuma, juu ya vichwa vya watu wote, moja kwa moja mahali taa ilipo na aliyeshika mpini.

Hakuna aliyeshtuka. Wao hawakuijua picha. Watu walipotoka, Kibwana alikwenda kulikunja shuka, akakuta pindo la chini limelowa, na juu ya pindo mstari mwembamba wa tope jeusi, umenyooka kama umechorwa na karani.

Siku ya pili mstari ulikuwa nyumbani kwake.

Furaha ndiye aliyeuona, ukutani, umezunguka chumba kizima kwenye usawa wa kifundo cha mguu, na vikonokono vidogo vimeng'ang'ania udongo. Akaufuta. Alhamisi asubuhi ukawa kwenye goti. Furaha alisimama kando ya ukuta akaupima kwa mguu wake mwenyewe.

"Bwana, jana uliishia hapa. Leo uko hapa. Kesho utakuwa wapi?"

"Unyevu huo. Nyumba zote za bondeni zina unyevu."

"Unyevu una konokono wa baharini?" Akamtazama mkono. "Na huo mkono wako, kwani unasaga nini?"

Kibwana akatazama. Mkono wa kushoto ulikuwa na tonge la ugali. Mkono wa kulia ulikuwa pembeni ya paja, umekunja ngumi, unazunguka wenyewe hewani, taratibu, mizunguko miwili kwa kila pumzi. Akaubana katikati ya magoti. Ukaendelea kuzunguka, magoti nayo yakaanza kutikisika. Na chumbani, nyuma ya pazia, mtu alikuwa anatembea kwenye sakafu kavu ya udongo, na kila hatua yake ilikuwa inang'oka kwenye tope zito, chwapu, kimya, chwapu, kimya, huku kila kimya kikizidi kuwa kirefu, kama vile anayetembea anazama kidogo zaidi kila anapokanyaga.

Furaha akainuka. Alichukua ushungi wake akaenda kumwita Stambuli.

Stambuli alikuwa mganga wa mjini, mtu mfupi, mwenye sauti ya kubembeleza. Watu walisema alishatoa majini mpaka mengine yakawa yanamwamkia njiani. Alifukiza ubani na udi, akasoma, akaandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akamimina maji ili maandishi yaoshwe Kibwana ayanywe. Maandishi hayakuosheka. Yalikaa pale chini ya maji, wekundu uleule, na juu ya maji ukatanda ukoko mwembamba wa chumvi.

Stambuli akaiweka sahani chini polepole. "Nimeshaona jini aliyevamia nyumba," akasema kwa sauti ya chini. "Huyo unamfukuza. Huyu hakuvamia. Huyu kaitwa. Nani anamwita?"

"Hakuna anayemwita," alisema Kibwana.

"Mkono wako huo unafanya nini?"

Mkono ulikuwa unazunguka.

"Kijana wangu, sema. Maji haya yana mtu ndani."

Basi Kibwana akasema, nusu.

Nami nikupe nzima, maana yeye asingeweza kuitoa nzima hata ukimkamua kama nazi.

Mwaka ule Bwana Jicho alitaka picha ya msichana na bahari. Pwani ile iko kaskazini ya Bagamoyo, mahali pasipo na makazi, na wachache waliopita pale walikataa kumtoa binti yao aingizwe kwenye sanduku. Kibwana akasema, "Ninaye mpwa." Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kauli ni ya mjomba, hivyo alipanda Kinole, akasema neno moja, na Pili akamfungia mtoto ndizi za kuchoma za njiani. Mwaisha alikuwa ametoka kuchezwa mwali. Alikuwa amekaa ndani karibu mwaka mzima bila kuona jua, na alipoambiwa kuna mahali hapana ukuta wala mlima, jicho linakwenda mpaka linachoka lenyewe, alitangulia mbele ya mjomba wake njia nzima.

Walipofika, maji yalikuwa yamejaa. Asubuhi ya pili walipoamka, bahari haikuwepo. Tope tupu. Kibwana, aliyezaliwa mlimani na kuijua mito tu, alitafakari kwa muda wa kufumba jicho, akatoa hukumu: imekauka. Ni kiangazi. Itarudi masika.

Pale alikuwepo Mkwere mmoja aliyekuwa anachemsha chumvi, jina lake Maneno. Wakwere na Waluguru ni watani, na toka walipoonana walikuwa wanachambana bila kupumua. Maneno alimwita Kibwana nyani wa mlimani. Kibwana alimwita Maneno kambale aliyekosa sufuria. Jana yake Maneno alimwapia kwamba kaa wa pale wanalipa kodi ya kichwa boma, na kwamba chumvi ni jasho la nyangumi. Kwa hiyo asubuhi ile Maneno alipokuja mbio na kusema, "Mtani, mtoe mtoto kule. Maji yanarudi," Kibwana alifanya anachofanya mtu yeyote mwenye akili akisemeshwa na mtani wake.

"Yarudi yamesahau nini?"

"Sifanyi utani. Yanarudi mbio kuliko punda."

"Basi kamwambie punda wako asubiri."

Na wakati huo Bwana Jicho alikuwa hemani, homa imemlaza. Alikuwa amemwachia Kibwana sanduku na maneno mawili: zungusha, usisimame. Mluguru wa kwanza duniani kushika mpini ule. Kibwana alizungusha. Mizunguko miwili kwa kila sekunde, kama alivyofundishwa, anahesabu kwa mdomo. Maji yakaja, na hayakuja kwa mawimbi, yalikuja chinichini kama mafuta yaliyomwagika, yakamzunguka mtoto kwanza kwa nyuma. Alikuwa amezama magotini kwenye tope. Aliita, "Mjomba." Maneno alikimbia na kamba, tope likamshika kiunoni, akalala kifudifudi kujiokoa. "Mjomba." Kibwana alisikia. Alikuwa amefika mia tatu na arobaini. Alijiambia anacheza, mtoto yule, na alijiambia maji ni machache, na alijiambia ameambiwa asisimame. "Mjomba," mara ya tatu. Alisimama utepe wa picha ulipoisha wenyewe ndani ya sanduku, na mbele yake palikuwa na bahari nzuri, tulivu, imejaa.

Stambuli akaisogeza sahani kando.

"Mama yake anajua?"

"Anajua kaolewa."

"Basi dawa ninayo, na haihitaji kuku wala kitambaa. Mwambie mama yake. Mbele yake, kwa mdomo wako. Kama ilivyokuwa. Usiongeze hata neno moja." Akamtazama Kibwana, akaongeza kwa huruma, "Hata moja, Kibwana."

Afadhali angemwambia abebe mlima wa Uluguru akauhamishie Dodoma. Huo angeubeba.

"Nisipomwambia?"

Stambuli akanyoosha kidole ukutani. Mstari ulikuwa umeshafika kiunoni, mchana kweupe, wakiwa wamekaa palepale.

Ijumaa mapema Kibwana alifunga safari ya kupanda Kinole. Hakufika hata mtoni. Pili mwenyewe alikuwa anateremka, kikapu kichwani, miguu imejaa vumbi la njia aliyoianza jana, uso unang'aa kama sufuria mpya.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Pili, unatafuta nini huku?"

"Wewe kaka ni mtu wa ajabu. Mtoto yuko Morogoro na husemi. Kuna watu wa Kinole walishuka kuuza ndizi, wamerudi wanasema Mwaisha anaonekana ghalani kwa Mzungu kila siku alasiri. Mzima, anatembea, kafunga kaniki. Wewe unaniletea kanga tu." Akashusha kikapu. "Nimemletea mdalasini na zile ndizi fupi. Mume wake anakula ndizi fupi?"

Hapo ndipo ilikuwa nafasi. Barabarani, hakuna watu, jua zuri. Kibwana alifungua mdomo. Alikusudia kabisa kusema. Yaliyotoka ni haya:

"Mume wake? Yule anakula mkungu mzima akiwa amesimama."

Pili akacheka. Na Kibwana alihisi maji ya baridi yanaingia ndani ya viatu vyake alivyopewa na Bwana Jicho, akatazama chini, vumbi lilikuwa kavu.

Nyumbani, Furaha alimpa wifi yake maji aliyoazima kwa jirani. Akamvuta mumewe uani.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Mstari uko kifuani, Kibwana. Nimeupima kwa kifua chako, siyo changu."

"Acha kwanza amwone. Amwone mara moja mtoto wake, halafu nimwambie. Nina utu mimi."

Furaha alimtazama kama anatazama sufuria iliyotoboka. "Una maneno," akasema. "Hilo ndilo unalo."

Saa tisa ghala lilijaa. Bwana Jicho alikuwa amesimama karibu na mlango, jicho limefumba, hana habari. Pili aliwekwa mbele, kikapu mapajani, ili mtoto akitokea amwone mama yake mara moja. Na nyuma kabisa, amekaa juu ya gunia la pamba, alikuwepo Maneno, yule Mkwere. Chumvi ilikuwa imemshinda, akaja kuwa kibarua wa reli wiki ile. Kibwana alipomwona, akajifanya anafuta mashine. Maneno hakumtania. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, mtani kukutazama na asikutukane.

Milango ikafungwa. Kibwana hakuugusa mpini. Mkono wenyewe uliinuka, ukaushika, ukaanza.

Askari hawakutokea. Gari la moshi halikutokea. Ilianza moja kwa moja pwani, na harufu ikaja kabla ya picha, harufu ya tope lililooza chini ya mikoko, ikajaza ghala mpaka watu wakaziba pua kwa migolole yao, na kwenye shuka alikuwa amesimama Mwaisha, mgongo haukuwepo, amewageukia, hainami, haokoti, anatembea kuja huku, chwapu, chwapu, na picha ile haikuwa na sauti hata siku moja tangu itengenezwe lakini sasa kila mtu aliisikia.

"Mwanangu," alisema Pili kwa upole, na akainua kikapu.

Na maji yakatoka chini ya shuka. Watu waliyaona meusi, kimya, yanatambaa kati ya miguu yao bila kuilowesha, yanawapita mmoja mmoja kama mtu anayetafuta nyumba aliyoelekezwa, na hapo ghala zima likainuka kwa pamoja, watu wakavunja mlango ambao ulikuwa unafunguka kwa kusukuma tu, wakapita juu ya Bwana Jicho, naye akainuka akawapita wote, na wapo wanaosema alikimbia akalipita gari la moshi akafika Dar es Salaam kabla yake, na kwamba alipovua buti kila moja lilikuwa na kaa. Walibaki wanne. Maneno, Furaha mlangoni, Pili mbele ya shuka, na Kibwana, ambaye maji yalikuwa yamempata, yamemfika magotini, mapajani, yamembana kwa uzito wa tope, na mkono wake bado unazunguka, na kila mzunguko ukiyavuta juu kidogo, mpaka kwa nguvu aliyowahi kudai kwamba anayo na leo kwa mara ya kwanza akawa nayo kweli, akaung'oa mkono kwenye mpini na kuanguka nyuma.

Mashine ikasimama. Picha ikasimama. Mwaisha alisimama kwenye shuka na mguu mmoja hewani. Maji yakakaa palepale, kwenye kiuno cha mjomba wake, alipokuwa amejiinua katikati ya ghala, mbele ya dada yake. Na kwa sababu taa ilikuwa bado inawaka nyuma ya picha, doa la kahawia likaanza kutokea pembeni ya shuka na kutambaa. Bwana Jicho alikuwa anasema kila siku: usisimame, picha itaungua. Kibwana aliliona lile doa akafurahi. Iungue. Iishe.

"Kaka," alisema Pili. Miguu yake ilikuwa mikavu kabisa. "Huyu mtoto ana nini?"

"Pili. Mwaisha alikufa. Palepale. Maji yalimchukua."

Maji yakashuka kidole kimoja. Kibwana alihisi, akapata moyo, na akipata moyo mdomo nao unapata.

"Lakini nilimfuata kulekule majini. Niliogelea. Mara tatu nilimshika mkono, mara tatu bahari ikaninyang'anya, papa wawili..."

Maji yakaruka mpaka kifuani. Akakohoa.

"Mtani," alisema Maneno kutoka gizani, taratibu. "Usiongeze."

Pili hakumtazama Maneno. Maisha yake yote hakuwahi kumpinga kaka yake, maana mjomba wa watoto hapingwi. Aliuliza tu, kama anayeuliza bei ya chumvi.

"Mkono wako ulikuwa wapi, kaka?"

Kibwana akatafuta neno. Alikuwa na maneno elfu, yote mazuri, na yote yalikuwa yanapanda na maji. Doa la kahawia lilikuwa limefika kwenye mikoko.

"Kwenye mpini," akasema.

"Alikuita?"

"Aliniita."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilikuwa nahesabu mizunguko."

Ilikuwa sentensi ya kwanza maishani mwake isiyo na pambo hata moja. Na Stambuli hakuwa mwongo. Maji yalianza kupwa. Yalitoka kifuani, yakatoka kiunoni, yakarudi chini ya shuka kwa sauti ya mtu anayevuta pumzi, na Mwaisha kwenye picha akaushusha mguu wake, akageuza uso, akawa tena msichana anayeokota chaza kwa mbali. Jini lilikuwa limeridhika. Lilidai neno, limelipata, linaondoka. Kibwana akaanza kulia kwa furaha.

Pili ndiye ambaye hakuwa ameridhika.

Aliweka kikapu chini. Alikwenda mpaka kwenye mashine, akaizunguka, akautazama mpini ulivyo, chuma kidogo tu chenye kishikio cha mti, kimeng'arishwa na mkono wa kaka yake.

"Ni hiki?" akamuuliza Maneno.

"Ndicho, mama."

"Pili," alisema Kibwana. "Pili, nimeshasema. Nimesema yote."

"Nimekusikia."

Akaushika. Akaanza kuzungusha.

Doa la kahawia likakimbia kando, picha ikanusurika. Maji yakageuka, yakarudi. Yalirudi chinichini kama mafuta yaliyomwagika, yakamzunguka kwanza kwa nyuma. Kibwana alijaribu kukimbia kwenye sakafu ile kavu ya mbao na miguu yake haikung'oka, na Furaha alisimulia baadaye kwamba alimwona anazama bila kuwa mfupi, anapigapiga hewa, mashavu yamejaa, na hapakuwa na tone lolote juu yake. Aliita, "Dada." Pili alizungusha. Hakuzungusha kwa haraka wala kwa hasira, alizungusha kama mtu anayesaga ulezi wa watoto, mizunguko miwili kwa kila pumzi. "Dada." Maneno alisogea hatua moja.

"Mama, inatosha."

"Yeye aliishia wapi?"

Maneno akautazama mpini. Halafu akasema ukweli, kwa kuwa mtani kwenye msiba hasemi uwongo. "Mpaka mwisho."

"Basi."

"Dada," aliita Kibwana mara ya tatu, na likatoka pamoja na mchanga. Pili alizungusha mpaka shuka likawa jeupe.

Mwili ulikutwa mkavu. Stambuli alipoubonyeza tumbo, yalitoka maji ya bahari ya kujaza madebe mawili, na sisemi matatu. Ni kazi ya watani kuchimba, kwa hiyo Maneno alipanda nao mpaka Kinole na jembe begani, akamuuliza Pili aanze na kaburi lipi. Pili akasema, "La mwanangu kwanza." Wakakata mgomba, wakauvika sanda, wakauzika kwa jina la Mwaisha, na udongo ulikuwa mwepesi na mkavu.

La Kibwana lilichimbwa hatua kumi kutoka hapo, kwenye mteremko ambao hata mvua haitulii. Walipochimba kufika kina cha kiuno, lilianza kutoa maji ya chumvi. Wakayateka. Yakarudi. Wakamzika hivyohivyo, wakamshindilia kwa mawe, maana alikuwa anaelea.

Na mpaka leo liko hivyo. Mara mbili kila siku udongo ule unajaa, mara mbili unapwa, na siku za mwezi mpevu maji yanafika mpaka kwenye njia, juu ya mlima, mwendo wa siku sita kutoka baharini. Watu wa Kinole walizoea, wakahamisha njia. Pili peke yake ndiye hakuhama. Alikuwa anapita hapo na kuni kichwani, anasimama, anasikiliza. Kama maji yanapwa, anaendelea na safari yake. Kama yanajaa, anashusha mzigo, anakaa juu ya jiwe, na anangoja mpaka aliye chini aite mara ya tatu.